Notisi ya Tatu

Sajini Osob Hamze aliisoma ile karatasi akiwa bado amesimama mlangoni, kabla hata ya kuitikia salamu.

"Wa alaykum salaam, eeddo," alisema hatimaye, akimwita mwenye duka shangazi kwa Kisomali, akakusanya hijabu yake na kuketi. "Hii imefika lini?"

"Jana, kwa faksi." Saynab aliisukuma kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma kitu kilichooza. "Ya kwanza nilidhani ni tangazo. Ya pili nikasema wamekosea mtu. Hii ya tatu imetaja jela."

Saynab alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, na duka lake dogo karibu na soko la Garissa lilikuwa la kwanza mjini kumuuzia mtu wa kawaida huduma ya intaneti. Alikuwa na kompyuta moja, mashine ya faksi, laini moja ya simu na modemu nyeusi isiyozidi ukubwa wa nusu mkate. Mbele ya duka kulikuwa na benchi, na asubuhi hiyo ya Alhamisi benchi lilikuwa limejaa tangu saa moja. Wengi walikuwa wametoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera kwa lori, wameshika vipande vya karatasi vyenye majina: kaka aliyepotea Kismayu, mama aliyesikika Yemen, mtoto anayesemekana yuko Norwe. Saynab aliwaandikia barua, akazituma, na majibu yakija aliyabandika ukutani hadi wenyewe warudi.

Notisi zote tatu zilitoka kwa kampuni ya Nairobi iliyomuunganisha Saynab na intaneti. Zilisema kwamba akaunti yake imetumika kupandisha nyimbo kwenye ukurasa wa wazi, ambapo mtu yeyote duniani angeweza kuzichukua bure. Nyimbo hizo, zilisema, ni mali ya kampuni moja ya kaseti ya Nairobi, na kuzisambaza ni kuvunja sheria ya hakimiliki. Uvunjaji usipokoma, laini itakatwa Ijumaa tarehe 27 Agosti 1999, saa kumi jioni, na mwenye akaunti atashtakiwa. Nakala ilikuwa imepelekwa kwa idara ya upelelezi, Garissa.

Ndiyo maana Osob alikuwa hapo saa mbili asubuhi na jalada jipya kwapani. Mkuu wake alikuwa amempa maneno machache tu: mtu awe ndani kabla ya Jumamosi.

"Eeddo, ni wewe uliyeweka nyimbo?"

Saynab alimtazama kana kwamba ameulizwa kama alikula nguruwe. "Mimi? Tangu nitoke Hija redio yangu haijaimba hata mara moja. Hapa dukani hata simu nimeizuia kuimba."

"Basi nani?"

"Hilo ndilo lililokuleta wewe."

Osob alizipanga notisi mezani. Kila moja ilikuwa na mstari wa tarehe na saa. Tarehe 6, saa 09:50. Tarehe 13, saa 09:48. Tarehe 20, saa 09:52. Kila mara wimbo mmoja, na kila mara laini ilishikwa zaidi ya dakika ishirini na tano.

"Zote Ijumaa," alisema. "Saa nne kasoro asubuhi. Nani alikuwa kwenye kiti hiki?"

Saynab alifungua daftari la wageni. Kidole chake kilishuka kwenye ukurasa wa kwanza, kikasimama. Kwenye wa pili, kikasimama. Kwenye wa tatu, akainua macho polepole.

"Awil," alisema. "Yule wa kaseti."

*

Duka la Awil lilikuwa nyuma ya soko, upana wa mlango mmoja, kaseti kutoka sakafuni hadi darini. Mashine yake ya kunakili ilikuwa inazunguka Osob alipoingia, kaseti mbili kwa pamoja, na mwenyewe hakujisumbua kuizima. Osob alimhoji kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo taarifa yake ingeandikwa, naye akajibu kwa lafudhi yake ya Kisomali, kila p ikigeuka b.

"Ijumaa tatu, saa nne kasoro, ulikuwa kwa Saynab."

"Ndiyo. Naandikia mtu wa Dubai. Yeye ndiyo analeta kaseti tubu."

"Ulipandisha nyimbo kwenye intaneti?"

"Mimi?" Awil alicheka hadi akakohoa. "Afande, hiyo kombyuta inanitoa jasho tu. Nabiga herufi moja, natafuta ingine. Barua mbili, dakika kumi, Saynab ananitoa kwa kiti."

"Lakini unanakili kaseti za watu."

"Kaseti, ndiyo. Wallahi siwezi kudanganya bolisi, mashine wewe unaiona." Aliizima sasa, kwa heshima. "Lakini nyimbo kubita kwa simu? Hata sijui inabitaje."

Osob alimsomea majina ya nyimbo tatu zilizotajwa kwenye notisi. Cheko likakauka usoni mwa Awil. Alipanda kigoda, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akashuka na kaseti moja iliyofungwa kwa nailoni. Juu yake kulikuwa na jina, Raho Hirsi, na picha ya msichana mwenye midomo myekundu.

"Nyimbo zote tatu ziko habo ndani. Lakini bicha si yake. Raho mimi nilimuona kwa macho, Mogadishu, mwaka wa themanini na saba. Huyu msichana wametoa kwa kalenda."

"Na Raho yuko wapi sasa?"

"Watu wanasema alikufa kwa vita." Awil aliifuta kaseti vumbi kwa kiganja. "Sauti kama ile, afande. Ukumbi mzima ulikuwa unalia, mbaka askari."

Osob aliandika yote. Kisha akafunga kalamu. Mtu mwenye dakika kumi hawezi kushika laini dakika ishirini na tano, na kama Awil angejaribu, watu wa benchi wangemtoa wao wenyewe.

*

"Kila mtu dakika kumi," Saynab alithibitisha, akaonyesha saa ya mezani yenye kengele. "Hata mkuu wa wilaya akija, dakika kumi."

"Basi si asubuhi."

"Karatasi inasema asubuhi."

Osob aliivuta notisi ya tatu karibu na macho. Kabla ya kuingia polisi alikuwa amefanya kazi miaka minne kama opereta wa simu Wajir, vidude vya sikioni kutwa, akiandika simu za ng'ambo kwenye kadi. Faksi ilikuwa imefifia pembeni, lakini baada ya zile tarakimu kulikuwa na alama tatu ndogo alizozipita mara mbili akidhani ni uchafu wa wino. Alizigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. G. M. T.

"Eeddo!" Alipiga meza hadi Saynab akaruka. "Hii si saa yetu. Ni ya Uingereza! Mtambo uliorekodi uko huko ng'ambo, na saa hiyo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ongeza tatu."

Saynab alihesabu kwa vidole. "Saa saba kasoro dakika kumi. Mchana."

"Ijumaa. Saa saba kasoro. Duka lako linakuwaje?"

"Limefungwa. Mji mzima umefungwa, watu wako msikitini."

"Ufunguo?"

Saynab alivuta kamba shingoni, ufunguo ukachomoza.

"Na modemu?"

Mjane alifungua mkoba wake, akaonyesha mfuko wa kitambaa ulioshonwa ndani. "Hiki hakibaki dukani hata kwa swala moja. Nikifunga mlango, kinaingia humu. Wezi wakija watakuta kompyuta bubu."

Osob alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Basi hakuna aliyevunja duka, na wala halikuguswa. Akaunti ya intaneti haina mlango wala kufuli la chuma. Mwenye jina na neno la siri anaweza kuifungulia kwenye simu yoyote ile, ilimradi ana kompyuta na modemu yake.

"Nani anajua neno lako la siri?"

"Mimi na Mungu."

Osob aliinua kibodi na kuigeuza. Chini yake kulikuwa na kipande cha katoni kilichobandikwa kwa gundi, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa Saynab, herufi nane.

Saynab alifunika mdomo. "Nililiweka kwa ajili ya darasa. Mwaka jana nilifundisha wanawake sita kompyuta. Sikulitoa."

"Wako wapi hao sita?"

"Wawili wako Nairobi. Mmoja ameolewa Mandera. Watatu wako hapa hapa mjini."

Osob alifikiri. Angewahoji wote watatu kabla ya adhuhuri, lakini kwa kumuuliza mmoja tu, wengine wangekuwa na habari kabla hajavuka barabara. Kesho ilikuwa Ijumaa. Mtu huyu alikuwa na desturi, na mwenye desturi hangojewi kwa kelele.

"Usiwaambie neno," alisema. "Na usibadili herufi hizo mpaka kesho jioni. Sasa nina ombi moja zaidi, na hutalipenda."

Saynab hakulipenda kweli. Lakini laini yake ilikuwa inaning'inia, na watu wa benchi walikuwa wanachungulia dirishani. Aliwaambia wasubiri. Akafungua ule ukurasa uliotajwa kwenye notisi, akabonyeza wimbo wa mwisho, na kwa nusu saa nzima modemu iliuvuta kidogo kidogo kutoka upande wa pili wa dunia. Osob aliitumia nusu saa hiyo kumleta Awil. Wimbo ulipofika, Saynab alijiziba masikio kwa ncha za mtandio wake wa garbasaar, akawageuzia mgongo.

Sauti ilitoka kwenye spika ndogo, nyembamba mwanzoni, kisha ikatanuka. Hakukuwa na bendi, ila kopo la bati lililokuwa likipigwa kwa mahadhi. Mwanamke aliimba beti mbili. Kabla ya ubeti wa tatu, mahali fulani nyuma yake, punda alilia kwa muda mrefu, na mwimbaji akacheka kidogo ndani ya pumzi kabla ya kuendelea.

Awil alikuwa amekaa sakafuni. Alisahau Kiswahili, akasema kwa Kisomali.

"Ni yeye."

"Una hakika? Si nakala ya kaseti?"

"Kwenye kaseti ana miaka thelathini. Huyu ni mtu mzima, sauti imeshuka, imekwaruza. Lakini anavyolikata neno mwishoni, hakuna mwingine. Na kwenye kaseti hakuna punda!" Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Osob, unanisikia? Yuko hai!"

Nyuma yao, Saynab alikuwa ameshusha garbasaar kutoka sikio moja. Alipoona Osob anamtazama, aliipandisha haraka.

*

Bahasha ya wakili wa kampuni ya kaseti ilifika kwa basi la Nairobi Ijumaa saa tatu asubuhi. Ndani yake kulikuwa na lalamiko la kurasa nne na nakala ya mkataba. Mkataba ulisema kwamba Raho Hirsi ameiuzia kampuni nyimbo zake zote, za zamani na zijazo, daima. Chini hakukuwa na sahihi bali alama ya dole gumba, na maelezo kwamba msanii hajui kusoma wala kuandika. Uliwekwa dole mjini Nairobi, mbele ya shahidi, tarehe 2 Desemba 1997.

Mkuu wa upelelezi alisoma juu ya bega la Osob. "Safi kabisa. Wana karatasi. Mshike huyo muuza kaseti."

"Afande, Desemba ya tisini na saba ulikuwa wapi?"

"Nakuru. Kwa nini?"

"Mimi nilikuwa hapa. Mvua ile ya El Niño. Barabara ya Dadaab, ya kwenda kambini, ilikuwa ziwa, na ya Nairobi ilikatika. Chakula cha kambini kilidondoshwa na ndege. Kama mwanamke huyu anaishi kambini, alifikaje Nairobi kuweka dole? Kwa kuogelea?"

Mkuu alikuna kidevu. "Una uhakika yuko kambini?"

"Nina uhakika na punda mmoja kwenye wimbo, afande, na kwamba wengi waliokimbia Mogadishu wako huko. Nipe mpaka saa nane."

Saa sita na nusu alikuwa ndani ya jumba la mitambo ya simu, kando ya Kulow, fundi wa zamu. Walijuana tangu Wajir. Kulow alikuwa mtu mwembamba asiyependa maneno, na hata mitambo aliigusa kwa namna ya kuomba radhi.

"Njia za kwenda Nairobi ni nane," alisema. "Siku ya kawaida zimejaa. Saa hii, tazama."

Taa saba kati ya nane zilikuwa zimezimika. Ya nane ilizimika walipokuwa wakiitazama. Nje, adhana ilipanda kutoka misikiti miwili kwa kupishana, na milango ya maduka ikasikika ikiteremshwa mmoja baada ya mwingine.

Osob alikuwa ameandika namba ya Nairobi ya kampuni ya intaneti kwenye kiganja. "Mtu akiipiga hii, utajua anapiga kutoka wapi?"

"Nitajua laini. Ila nipe sekunde kidogo."

Wakangoja. Saa saba kasoro robo. Saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Taa ya pili iliwaka, Osob akashika ukingo wa meza. Kulow alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hospitali. Wanaita daktari."

Saa saba kasoro dakika kumi. Hakuna kitu. Labda mtu ameonywa. Labda ameona notisi ya tatu na kuogopa. Dakika tisa.

Taa ya tano iliwaka.

Kulow aliingiza waya, akabana kidude sikioni. Uso wake ulikunjamana. Alimpa Osob kidude hicho, naye akausikia ule mlio, filimbi mbili zinazogombana, kisha mngurumo wa mchanga.

"Ni kompyuta!" Osob alinong'ona. "Laini ya nani?"

Kulow alikuwa tayari anapitisha kidole kwenye orodha ya ukutani. "Shirika la visima. Lile dogo, mtaa wa nyuma ya bohari ya maji. Nikate?"

"Usikate! Ukikata, nitaingia nikute watu wanakunywa chai."

Alitoka mbio.

Mtaa ulikuwa mtupu, jua limesimama utosini. Alipita msikiti ambako viatu vilikuwa vimejaa hadi barabarani na sauti ya imamu ikitoka kwenye kipaza, akapunguza mwendo kwa adabu, akageuza kona, akakimbia tena. Mbuzi wawili walimkimbia. Hijabu yake ilivuka bega moja, na viatu vya kazi vilimzamia mchangani. Bohari ya maji. Lango la bluu. Mlinzi hakuwepo, naye alikuwa ameenda kuswali. Mlango wa ofisi ulikuwa umerudishwa bila kufungwa.

Osob aliusukuma.

"Polisi. Mikono juu ya meza, na mtu asiguse kitu."

Walikuwa wanawake wawili. Aliyekuwa mbele ya kompyuta alikuwa na miaka ishirini na saba au na nane, miwani, kitambulisho cha shirika shingoni kikisema Nafiso, mpiga chapa. Wa pili alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, mwanamke mfupi wa makamo mwenye shuka la rangi ya udongo, na mapajani mwake ameshika redio ndogo ya kurekodia. Nafiso aliweka mikono mezani. Kwenye kioo, mstari wa bluu ulikuwa unasogea, pungufu kidogo ya nusu.

"Wewe ni mmoja wa wanafunzi sita wa Saynab," Osob alisema akihema.

"Ndiyo, afande."

"Na hiyo ni akaunti yake."

"Ndiyo." Macho ya Nafiso yalirudi kwenye mstari wa bluu. "Abaayo, dada yangu, nishike. Nitakuja mwenyewe kituoni, sitakimbia. Lakini zimebaki dakika kumi na tatu. Ukizima sasa, wimbo wote umepotea."

"Unajua Saynab yuko karibu kupelekwa mahakamani kwa ajili ya nyimbo hizi? Kwamba laini yake inakatwa leo saa kumi?"

Nafiso aliuacha mstari, akamtazama. "Wallahi sikujua. Saynab alipata barua?"

"Tatu."

"Mimi nilijua tu kwamba hawezi kuruhusu nyimbo. Hapa hatuna akaunti, tuna kompyuta na modemu tu. Nikasema saa ya swala haitumii, sitamchukulia dakika za watu wake." Alianza kulia bila kuondoa mikono mezani. "Ni kosa langu. Huyu mama hajui hata neno la siri ni nini."

Mwanamke wa dirishani aliinuka. "Mwache huyo mtoto," alisema. "Nyimbo ni zangu."

Maneno machache tu, na Osob alijua. Alikuwa ameisikia sauti hiyo jana ikitoka kwenye spika ya duka la Saynab, na alikumbuka Awil akisimama na kuketi.

"Wewe ni Raho Hirsi."

"Kuna watu wananijua bado?" Alisema kama anauliza bei ya kitu.

"Unaishi wapi, mama?"

"Hagadera. Mwaka wa nane huu. Nafiso alikuja kambini kuandika majina ya watu wa kisima, akanisikia nikiimba nikichota maji. Akaniuliza wimbo ule ni wa nani. Nikamwambia." Aliinua redio ya kurekodia. "Tuliziimba upya usiku, punda wa jirani akikubali. Nilitaka watu wajue sikufa. Si zaidi ya hilo."

Osob alivuta bahasha ya wakili kutoka kwapani, akatoa mkataba. "Uliwahi kwenda Nairobi, Desemba ya mwaka wa mvua?"

"Nairobi? Sijawahi kuvuka daraja la Tana. Desemba ile nilikuwa juu ya paa la shule na watoto kumi na wanne."

"Unajua kusoma?"

Raho alipokea karatasi. Aliisoma kimya, kwa Kiingereza, midomo ikisogea kidogo, hadi chini kabisa. Alipofika kwenye dole gumba alisimama. "Nilikuwa mwalimu wa shule miaka sita kabla ya kuimba," alisema. "Nani huyu aliyeweka kidole chake kwenye jina langu?"

Osob alitazama kioo, kisha saa yake. Kanuni ilimtaka azime mashine na kuichukua kama kielelezo. Alivuta kiti, akaketi.

"Nitaichukua mashine hii," alisema. "Lakini kielelezo lazima kiwe kizima. Hakiwezi kuchukuliwa nusu."

Nafiso aligeuka kumtazama, akacheka na kulia kwa pamoja. Wote watatu waliuangalia ule mstari wa bluu. Robo tatu. Ulisimama kwa muda, Nafiso akashika kichwa, ukaanza tena. Msikitini swala iliisha na mtaa ukajaa sauti za watu. Ulibaki ukucha. Ukaisha.

"Umepita!" Nafiso alipiga makofi mara moja, akakumbuka mbele ya nani, akarudisha mikono mezani.

*

Kituoni, Osob alimpaka Raho wino mwenyewe. Alibingirisha dole gumba la kulia kwenye kadi nyeupe, kisha la kushoto, akaziweka kadi kando ya mkataba na kumwita mkuu wake. Hakukuhitajika hata kioo cha kukuzia. Alama ya mkataba ilikuwa mviringo, duara ndani ya duara kama maji yanayoingia kwenye tundu. Za Raho zote mbili zilikuwa kitanzi, mistari ikiingia upande mmoja, ikipinda na kutokea upande uleule.

Mkuu alizitazama moja baada ya nyingine. "Hii ni kughushi," alisema.

"Ndiyo, afande. Na aliyeghushi alituletea yeye mwenyewe, kwa basi."

Saa nane na nusu Osob alikuwa kwenye simu na meneja wa kampuni ya intaneti, Nairobi. Meneja alisema yeye hana ugomvi na mtu, analetewa lalamiko naye analipitisha.

"Basi lipitishe na hili," Osob alimwambia. "Aliyepandisha nyimbo ni mwenye nyimbo. Mkataba waliokupa una dole la mtu mwingine, na nina namba ya kesi. Nakutumia faksi sasa hivi. Ukikata laini ile saa kumi, utaeleza mahakamani kwa nini uliikata."

Kalamu ilisikika ikiandika upande wa pili. Kisha, "Tuma, Sajini. Sitaigusa."

Faksi ilitumwa kutoka dukani kwa Saynab, ambako Osob alikwenda na Nafiso. Nafiso alisimama mbele ya meza, kichwa chini, na mjane akamtazama hadi watu wa benchi wakaanza kumwonea huruma msichana.

"Saa ya Ijumaa," Saynab alisema. "Nyimbo. Kwa jina langu."

"Nisamehe, eeddo. Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Halafu ningekaa siku mbili nikafikiri, na siku ya tatu ningekuita." Alivuta kile kipande cha katoni chini ya kibodi, akakichana vipande vinane. "Kuanzia Jumatatu utakuja hapa kila jioni kuwaandikia watu barua, mwezi mzima. Haya, kaa. Kuna majibu ya wasikilizaji kwenye ule ukurasa wenu, nimeyaona tangu asubuhi. Siwezi kuyachapisha mimi, ni ya nyimbo."

Osob hakungoja kuyaona. Alirudi kituoni, ambako Raho alikuwa bado kwenye benchi la mbao, wino kwenye vidole, na Awil mlangoni akiogopa kuingia na akikataa kuondoka. Osob alifungua jalada jipya. Juu ya jalada la zamani kulikuwa kumeandikwa *Mshukiwa*, na chini yake nafasi tupu. Kwenye hili aliandika *Mlalamishi*.

"Jina lako kamili."

"Raho Hirsi Guled."

"Makao."

"Hagadera, blok E."

"Kazi?"

Raho aliitazama kalamu. Kwa miaka minane alikuwa amejibu swali hilo kwa makarani wa mgao, wa maji, wa hospitali, na kila mara waliandika jibu kabla hajamaliza kulisema, mstari mmoja mfupi wa kalamu kwenye nafasi tupu. Safari hii kalamu ilingoja.

"Mwimbaji," alisema.

Osob aliandika.